Dalali Anapata Wapi Pesa Zake? Fahamu Kamisheni, "Cha Juu" na Haki Yako

Ukienda kwa wakala wa pesa za simu ukaweka shilingi 2,000, simu yako itasoma 2,000 kamili. Wakala hajakukata hata ndururu. Lakini hakufungua kile kibanda kwa huruma, wala kodi ya kibanda hailipwi na salamu za wateja. Kuna mtu anamlipa. Kampuni ya malipo humpa kamisheni kwa kila muamala unaopita mikononi mwake, na viwango vinajulikana.

Sasa fikiria yule kijana aliyekupeleka kuona nyumba ya kupanga. Au yule mzee anayejua ploti inayouzwa kule Kitengela. Au yule jamaa anayekuja shambani kutafuta avokado. Huyo naye analipwa na nani? Kiasi gani? Na lini?

Wengi wetu hatuulizi maswali hayo matatu. Tunaona aibu, au tunadhani jibu ni siri ya watu wa biashara. Matokeo yake ni kulipa bei ambayo mwenye mali hakuitaja, au kutuma dipoziti ikayeyuka. Hebu tuangalie udalali ni kitu gani na pesa za dalali hutoka wapi, ili safari ijayo uulize bila kuogopa.

Dalali ni nani hasa?

Neno "dalali" limetoka kwa Kiarabu, na huko maana yake ni mtu anayeonyesha au anayeelekeza. Hapa Kenya wengi husema tu "broka". Kazi ni ileile: kumkutanisha mwenye kitu na mwenye kukihitaji, kisha kuwasaidia wakubaliane.

Jambo la kwanza kushika ni hili: bidhaa si ya dalali. Nyumba ni ya landilodi, ng'ombe ni wa mfugaji, hisa ni zako. Dalali anauza huduma yake tu. Kwa hiyo tusimchanganye na watu hawa wengine wawili:

- Mfanyabiashara ananunua kwa pesa zake, kisha anauza. Bei ikishuka au mzigo ukioza, hasara ni yake. Kwa sababu hiyo ana haki ya kuweka bei anayotaka.
- Wakala anafanya kazi kwa niaba ya upande mmoja. Wakala wa kampuni ya bima, kwa mfano, anauza bima kwa niaba ya kampuni. Ukimuuliza ni bima gani nzuri, usishangae akikutajia ya kampuni yake.

Dalali yuko katikati. Hajaweka mtaji wake kwenye bidhaa, kwa hivyo hana haki ya kupata faida kama mwenye mali. Haki yake ni ujira wa kazi aliyofanya, na ujira huo ndio unaoitwa kamisheni.

Kwani anafanya nini cha maana?

Kuna watu husema broka ni mtu wa kula jasho la wengine. Si kweli kila mara. Nenda soko la mifugo la Garissa uone. Mnunuzi ametoka Nairobi au Mombasa, hamjui mfugaji yeyote. Mfugaji ametembeza wanyama siku kadhaa, hamjui mnunuzi. Mnunuzi akinunua ng'ombe wa wizi, atajikuta kwenye kesi. Mfugaji akimpa mnyama mtu asiyelipa, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Katikati yao anasimama dalali, ambaye kwa Kisomali huitwa dilaal. Anamjua mfugaji, anajua ukoo wake na anakotoka. Anapomleta mnyama sokoni anakuwa kama mdhamini kwamba mnyama si wa wizi. Likitokea neno, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Anajua pia bei ya siku hiyo, na anawasaidia pande mbili kufika mahali pamoja. Kwa kazi hiyo hulipwa kiasi fulani kwa kila mnyama aliyeuzwa.

Hapo utaona dalali wa kweli anauza vitu vitatu: habari (nani anauza, nani ananunua, bei ikoje), muda (umeepuka kuzunguka wiki nzima) na uaminifu (jina lake liko hatarini). Dalali akikupa vitu hivyo, mlipe. Amefanya kazi. Lakini kama hajui mwenye mali ni nani, hajui bei halisi, na kesho hapatikani kwa simu, unamlipia nini?

Njia tatu za kulipwa

*1. Asilimia ya thamani.* Hii ni kawaida kwenye ardhi, hisa na bima. Ploti ikiuzwa 800,000 na makubaliano ni 3%, kamisheni ni 24,000. Bei ikipanda, na kamisheni inapanda. Ukiwa muuzaji, hilo linakufaa kwa sababu dalali atavutana ili upate bei nzuri. Ukiwa mnunuzi, kumbuka dalali huyo hana haraka ya kukushushia bei.

*2. Kiasi maalum.* Kiasi fulani kwa kila ng'ombe, kwa kila gunia au kwa kila kreti. Kwenye nyumba za kupanga, mara nyingi ni sehemu ya kodi ya mwezi mmoja, au kodi ya mwezi mzima. Hapa dalali anatafuta wingi: auze haraka, aende kwa mwingine.

*3. Cha juu.* Hii ndiyo inayoumiza watu. Mwenye mali ametaja bei yake, dalali anaongeza yake juu na kuweka tofauti mfukoni. Hakuna asilimia wala mapatano, na mara nyingi hakuna anayejua isipokuwa yeye mwenyewe.

Tupige hesabu. Mwenye ploti anataka 800,000. Dalali anakuambia, "Mwisho ni 950,000, na kuna mtu mwingine anaitaka leo jioni." Unalipa. Mwenye ploti anapata 800,000 zake na dalali anabaki na 150,000. Kama wangekubaliana 3%, angepata 24,000. Umemlipa zaidi ya mara sita, na hata risiti ya hizo pesa huna.

Mwenye mali naye ameumia. Kulikuwa na mtu tayari kutoa 950,000 na hakuambiwa. Sheria ya uwakala iko wazi hapa: mtu aliyetumwa kukuuzia mali hana ruhusa ya kujitengenezea faida ya siri kwa mgongo wako. Faida hiyo ni ya aliyemtuma, na anaweza kuidai. Cha juu inaweza kuwa halali pale tu mwenye mali mwenyewe anapojua na kukubali, kwa mfano akisema, "Mimi nataka 800,000, ukipata zaidi ni yako." Hata hapo wewe mnunuzi una haki ya kuuliza, na haki ya kuondoka.

Kwa ufupi, kamisheni ni pesa unayoijua, na cha juu ni pesa unayofichwa.

Kamisheni inaiva lini?

Kanuni ya msingi ni kwamba dalali hulipwa mpango ukikamilika. Kuonyesha tu hakutoshi. Ndiyo maana anaweza kukuzungusha nyumba kumi bila kupata kitu, na ndiyo maana kamisheni ikipatikana huonekana kubwa. Ile moja iliyofaulu inalipia tisa zilizoanguka.

Mgogoro ukifika mahakamani, swali kubwa huwa hili: je, dalali huyu ndiye hasa aliyesababisha mauzo? Tuseme Njeri anauza gari. Dalali wa kwanza alimpigia simu mnunuzi akamwambia gari lipo, basi akapotea. Dalali wa pili akampeleka kuliona, akatafuta fundi wa kulikagua, akawakutanisha hadi wakakubaliana. Wa pili ana dai lenye nguvu zaidi. Njeri angeepuka kelele zote kwa kuandika ujumbe mfupi mapema: nani ni dalali wake, atalipwa kiasi gani, na pesa zitatoka lini.

Tusiwe wa upande mmoja. Kuna wateja pia wanaomruka dalali. Anawakutanisha, wanapeana namba kisirisiri, wanamwambia biashara imekufa, kisha wanauziana wiki ijayo. Huo ni wizi wa jasho lake. Kama wewe ni dalali, andika jina la mteja na tarehe uliyomleta, umtumie mwenye mali kwa SMS siku hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kamisheni ni mali.

Je, na yule anayetaka pesa kabla ya kukuonyesha nyumba? Jiulize: akishalipwa, ana sababu gani ya kukutafutia keja nzuri? Wapo wanaotoza nauli ya kweli na kazi wanafanya. Lakini ada ya kuonyeshwa ndiyo mlango mkubwa wa matapeli: picha nzuri mtandaoni, kodi ya chini isiyolingana na mtaa, "tuma 1,000 nikushikie", halafu simu imezimwa. Mtu asiyejulikana asiposhuka kwenye hilo, bora ulipe pale utakapokuwa umesimama ndani ya nyumba.

Tuangalie sehemu nne unazokutana nao

Nyumba na ardhi. Kazi hii ina sheria: Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ambayo ilianzisha bodi ya usajili inayojulikana kama EARB. Anayefanya biashara ya kuuza au kupangisha mali za watu wengine anatakiwa awe amesajiliwa. Muulize namba yake, kisha uihakikishe kwa bodi. Kwa ardhi, fanya utafutaji rasmi kwenye masjala kabla ya kutoa hata dipoziti. Karatasi hiyo inaonyesha jina la mwenye shamba na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Kwa gari, utafutaji hufanywa kupitia NTSA. Jina la anayekuuzia lilingane na lililo kwenye rekodi.

Bima. Dalali wa bima anatakiwa kusimama upande wako na kulinganisha kampuni mbalimbali. Kamisheni yake hulipwa na kampuni ya bima kutoka kwa malipo unayotoa. Haongezi juu. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Jambo moja usilisahau: kwa mujibu wa Sheria ya Bima, Sura ya 487, kampuni haibebi hatari yako mpaka malipo yaifikie. Kwa hivyo ukituma pesa kwa namba binafsi ya broka na yeye akachelewa kuzipeleka, unaweza kupata ajali ukidhani una bima kumbe huna. Lipa moja kwa moja kwa Paybill ya kampuni ya bima.

Hisa. Kwenye Soko la Hisa la Nairobi huwezi kuingia ukanunua kama unavyonunua nyanya. Unapitia kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na hisa zako huwekwa kwenye akaunti ya CDS kwa jina lako. Dalali hukata asilimia unaponunua na asilimia tena unapouza. Ukipata faida, analipwa. Ukipata hasara, bado analipwa.

Hesabu hii ni muhimu. Tuseme makato yote kwa pamoja ni 2%. Umenunua hisa za 50,000, ukakatwa 1,000, umetumia 51,000. Ili urudishe 51,000 baada ya kukatwa 2% nyingine wakati wa kuuza, hisa zako zinatakiwa kufika kama 52,041. Yaani bei ipande zaidi ya 4% ndipo urudi pale ulipoanzia. Kwa hivyo dalali anayekuhimiza ununue leo, uuze kesho, ununue tena keshokutwa, anajihesabia. Si lazima awe mwizi, lakini mshahara wake uko kwenye kuzunguka kwako.

Usidhani leseni inamaliza wasiwasi wote. Francis Thuo & Partners ilianguka mwaka wa 2007, na Nyaga Stockbrokers ikafuata 2008, na wateja wengi wakahangaika kutafuta pesa na hisa zao. Upo mfuko wa fidia chini ya CMA, lakini una kikomo cha kiasi unachomlipa mwekezaji mmoja. Kinga yako ya kila siku ni kuomba taarifa ya akaunti yako ya CDS mara kwa mara na kuhakikisha idadi ya hisa ni ileile unayoijua.

Mazao. Hapa maneno huchanganyika sana. Jamaa anayekuja Murang'a kununua avokado akakulipa papo hapo shambani ni mfanyabiashara, hata kama kijiji kizima kinamwita broka. Akiuza kwa bei ya juu, ni faida ya mtaji na hatari aliyobeba. Unaweza kukataa bei yake, lakini hakukudanganya.

Mwenye kuchunguzwa ni yule anayebeba mzigo na kusema, "Nitakulipa nikishauza." Tuseme amebeba matunda 3,000 kwa bei ya shilingi 10. Hizo 30,000 ni mtaji wako anaoutumia. Akiuza kwa 18, anachukua ile tofauti yote kama mfanyabiashara. Yakioza njiani, anakuambia hasara ni yako, kama dalali. Amechagua utamu wa pande zote mbili. Mwambie achague moja: anunue sasa kwa pesa zake, au akuuzie kwa kamisheni mliyokubaliana na akuonyeshe bei aliyouza.

Ni vivyo hivyo ukipeleka lori Marikiti au Kongowea ambako huna mteja hata mmoja. Dalali wa soko atakusaidia kuuza kabla jua halijawa kali. Kubalianeni kiasi kwa kila gunia kabla halijafunguliwa, na wanunuzi walipe kwenye Till yako au namba yako. Jioni mlipe dalali chake. Pesa zikipita kwako kwanza, unajua bei halisi bila kumuuliza mtu.

Kabla hujaweka PIN

1. Uliza mapema: "Wewe unalipwa na nani, kiasi gani, na lini?" Dalali mwaminifu hujibu mara moja. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.
2. Tafuta bei ya mwenye mali. Omba kuzungumza naye, dalali akiwepo. Kama anakataa katakata msikutane, huenda kuna cha juu hapo katikati.
3. Tenganisha malipo. Kodi, dipoziti na bei ya mali ziende kwa mwenye mali. Kamisheni iende kwa dalali. Miamala miwili, jumbe mbili za uthibitisho.
4. Soma jina kwenye simu. Kabla ya kuidhinisha, angalia jina linalotokea. Kama nyumba ni ya Bi Halima na jina ni la mtu mwingine kabisa, simama hapo. Uliza.
5. Andika makubaliano. Si lazima wakili kwa kila jambo. SMS inayosema "Tumekubaliana kamisheni 5,000, nitalipa nikikabidhiwa funguo" inatosha kukukumbusha nyote wawili. Kwa ardhi, hata hivyo, tafuta wakili.
6. Usifute ujumbe wa malipo. Hifadhi, na ukihitaji omba taarifa ya miamala yako.
7. Usitegemee kurudishiwa. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Haikuwekwa kwa mapatano yaliyoharibika, na pesa ikishatolewa kazi inakuwa ngumu zaidi. Ukitapeliwa, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kisha ripoti polisi upate namba ya OB.

Dalali mzuri ni mtu wa kuheshimu na kumlipa bila kinyongo, kwa sababu amekuokoa muda na amekuwekea jina lake mbele. Naye dalali mzuri hatakasirika ukimuuliza analipwaje. Atakutajia kiasi, atakutajia siku, na atakuambia umtumie mwenye mali pesa zake. Anayekasirika kwa swali hilo, mwache aende zake na pesa zako zibaki kwenye simu.